Nguo Nyekundu Kwenye Matanga

"Nani yuko peke yake? Nani hana mwenzake hapo?"

Mama wa tiketi alikuwa amepanda juu ya kiti cha plastiki, kipaza sauti mkononi, na sauti yake ilizishinda kelele zote za gati la Tam Coc: wauza kofia, watoto, makasia yanayogongana, mabasi ya Hanoi yanayotema watu barabarani. Diep aliinua mkono nusu. Duka lao la miwani lilikuwa limeleta wafanyakazi wote kutembea, wamevalishwa fulana za rangi ya chungwa kama timu ya mpira, na wote walikuwa wameshagawana mitumbwi, wawili wawili. Hata Yen, shoga yake wa kufa na kuzikana, alikuwa amejipachika kando ya kijana mpya wa stoo, akampungia mkono bila haya.

"Wewe wa chungwa, twende! Na wewe kaka wa shati jeupe, ingia naye. Mtumbwi hauondoki na mtu mmoja hapa!"

Diep akashuka, akakaa mbele. Mtumbwi ukayumba, mtu akakaa nyuma yake. Hakugeuka. Ilimfikia harufu ya sabuni na, chini yake, harufu ya grisi, ile isiyotoka mikononi hata mtu aoge vipi. Kabla hajajiuliza anaijua wapi, mgongo wake ulikuwa umeshajua.

"Hujambo, Bi Miwani," sauti ikasema taratibu.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo.

"Mama," Diep akamwambia mpiga makasia, "naomba kushuka."

"Ushuke uende wapi, mwanangu? Maji haya yana ruba." Mama Nhai, mwanamke mkavu mwenye soksi za buluu, alikuwa ameshaegemea kiti chake huko nyuma, nyayo zake juu ya makasia, akiyasukuma kwa miguu kama anayeendesha baiskeli kitandani. Mikono yake ilikuwa huru, ikimenya karanga. "Mmegombana? Wenye ndoa wakinuniana mtumbwi wangu unakuwa mzito. Semezaneni."

"Sisi si mke na mume!" wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Haya. Wote husema hivyo."

Mpunga ulikuwa umeiva. Pande zote mbili za mto ulisimama wa dhahabu, umeinama kwa uzito wake, na katikati yake majabali yalichomoza ghafla, yamejitanda vichaka mabegani. Diep aliyatazama bila kuyaona. Moyo wake ulikuwa umerudi Hanoi, kwenye lifti.

Ndiyo, kwenye lifti ndiko walikokutana. Yeye ndani, imekwama baina ya ghorofa, na Thac, fundi wa lifti, nje. Kwa muda wote aliokuwa akihangaika na nyaya, Thac alimwongelesha mlangoni asiogope. "Ukitoka humo utakula nini, dada?" "Tambi za mkunga." "Wapi?" "Popote penye mkunga, kaka, nitoe tu!" Jioni ile ile wakala tambi za mkunga. Yakafuata mahindi ya kuchoma kando ya ziwa, pikipiki yake yenye taa moja, na simu za kila usiku.

"Umelala, Bi Miwani?"

"Nimelala."

"Sasa huyu anayeongea ni nani?"

"Ni miwani. Na wewe, Bwana Lifti, hushuki?"

Mama yake Thac, muuza chai wa kando ya barabara, alikuwa na kiti kifupi ambacho hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia ila Diep. Yalikuwa maisha madogo, na Diep hakuwahi kutaka makubwa zaidi.

Kisha asubuhi moja mama yule akaanguka kando ya birika lake, na hakuamka. Simu ilikuja, lakini si ya Thac. Ilikuwa ya Mui, shangazi yake.

"Diep mwanangu, mama amekwenda. Bado hatujatangaza. Njoo sasa hivi mfungishwe ndoa, wazazi wako tutawaangukia baadaye. Tukishafunga vitambaa vyeupe kichwani, ni miaka mitatu."

Kwao ndivyo ilivyo. Ndoa haiingii kwenye nyumba iliyofiwa na mzazi. Ama ifungwe haraka kabla msiba haujatangazwa, ama isubiri miaka mitatu matanga yaishe. Diep alibaki na simu sikioni, hana neno. Swali moja lilikuwa likimchoma: mbona Thac hakupiga mwenyewe?

Hata hivyo alikwenda. Alikodi vazi refu la hariri nyekundu, vazi la bibi harusi, akarukia pikipiki ya kukodi, na alipofika kwenye kona ya uchochoro akasikia zumari na ngoma za msiba. Thac alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cheupe tayari kichwani. Hakumngojea. Na Diep, mwekundu toka shingoni hadi miguuni, hangeweza kupiga hata hatua moja kuelekea kwenye jeneza. Mwenye pikipiki alimrudisha alikomtoa, bila kumwuliza chochote.

"Inameni!" Mama Nhai akapiga kelele.

Pango la kwanza likawameza. Mawe yalishuka karibu na vichwa, na matone ya maji baridi yakamwangukia Diep shingoni hadi walipotokea tena juani. Hapo simu ya Diep ikalia. Mama yake, kutoka Nam Dinh, alikuwa na sauti isiyohitaji spika.

"Diep! Jumapili wanakuja na sinia la tambuu la posa, na wewe hujaniambia utavaa nini!"

"Mama, niko kwenye mtumbwi."

"Mtumbwi hauzuii masikio. Mtoto wa watu ana nyumba ya ghorofa nne, ana duka la pampu, meno yote anayo. Unataka nini tena?"

"Sijasema nataka kitu."

"Ndiyo hilo! Husemi! Unajua una umri gani?"

"Mama, pango linakuja."

Akakata. Kisha Thac akasema, "Hongera."

"Asante."

"Ya pampu ni kazi nzuri. Watu hawaachi kuhitaji maji."

"Thac, ukiendelea nitakusukuma humu."

"Msisukumane," akasema Mama Nhai, "nitaulizwa mimi."

Pango la pili lilikuwa refu kuliko la kwanza, na giza lake lilikuwa la kweli. Huenda ni giza lile, au ni kwa kuwa hakulazimika kumtazama usoni.

"Nilikuja," Diep akasema.

"Ulikuja wapi?"

"Kwenu. Siku ile. Nilivaa nyekundu, Thac, nimekodi, nikafika hadi kwenye kona. Ulikuwa umeshajifunga kitambaa. Ningeingiaje na nyekundu kwenye msiba?"

Makasia yakasimama. Mtumbwi ukaelea wenyewe gizani, na tone moja likasikika likianguka majini.

"Msinijali," Mama Nhai akanong'ona. "Miguu inapumzika."

Thac aliposema, sauti yake ilikuwa ya yule fundi wa mlangoni, lakini sasa ni yeye aliyekwama. "Shangazi alikupigia bila kuniambia. Akaja akanieleza kwamba amekupigia na umenyamaza. Nikamwambia, nani kakutuma? Diep ana baba, ana mama, aolewe mbio mbio kando ya jeneza, bila hata mtu wa kucheka? Nilikifunga kile kitambaa mwenyewe, kabla ya watu wote, ili mtu asije akakulazimisha. Nilijua utakuja jioni kutoa pole, nikuombe unisubiri. Nilikaa pale mlangoni siku zote za msiba. Kila mwanamke aliyekata kona nilisimama."

"Na baadaye? Hukujua dukani kwetu?"

"Mwenye matanga abishe hodi kwa watu, awapelekee mkosi? Nilikupigia mara moja. Namba haikuwepo."

Namba haikuwepo kwa sababu Diep alikuwa ameitupa simu mtoni, kadi na yote, jioni aliporudisha ile nguo ya kukodi. Akafunika uso kwa mikono. Miaka yote ile alijiona mwanamke aliyeachwa, kumbe alikuwa amewekewa akiba.

Walipotoka, mwanga ulimuumiza macho, na alikuwa analia na kucheka. Mama Nhai akampitishia karanga juu ya bega la Thac. Pango la tatu walilipita wakizitafuna.

Gatini Yen alimrukia. "Huyo nani? Mbona macho mekundu? Amekufanya nini? Nimpige?"

"Ni Thac."

Yen akamtazama kijana wa shati jeupe kuanzia viatu hadi nywele, kama anayepima fremu. "Yule wa lifti? Bosi akiuliza nitasema unaumwa tumbo. Nenda."

Thac alikuwa anakwenda pagoda ya Bich Dong. Mama yake alizaliwa vijiji vya huko, na wiki ile ile ukoo ulikuwa umemaliza matanga na kuchoma vitambaa vyeupe. Alikuja kumwambia mama, mahali alipopapenda, kwamba yamekwisha. Walikodi baiskeli mbili mbovu, wakapita kwenye mpunga, wakavuka daraja la mawe juu ya ziwa la mayungiyungi, wakapanda hadi hekalu la juu, lile lililomo ndani ya mwamba, ambako popo hujibu maombi kabla ya miungu. Thac akawasha udi. Akampa Diep vijiti vitatu bila kumwuliza, naye akavipokea.

"Mama," Diep akasema kwa sauti ya chini, ameinamisha kichwa, "pole yako imechelewa. Nilifika hadi kwenye kona. Nisamehe, nilivaa vibaya."

Thac akageukia ukuta kwa muda mrefu, akisoma maandishi asiyoyajua.

Fulana za chungwa zilikuwa zimetangulia mlima wa Mua, na Diep akasema kuwa naye lazima apande, kisingizio cha tumbo hakitadumu hadi jioni. Ngazi za mlima ule hazina huruma. Watu wazima walizipanda kwa mikono na miguu, wachumba walizipanda wakigombana. Thac alipanda mbele, akirudi kumvuta kila anaposimama.

"Fundi wa lifti mzima," Diep akahema, "na huku hujatuwekea hata moja!"

"Ningeweka ungekwama, nami ningeshinda mlangoni."

Juu kabisa, kando ya joka la jiwe linalotambaa kileleni, upepo uliwakausha jasho. Mto waliopita asubuhi ulijikunja chini yao, mwembamba, na mitumbwi juu yake ilikuwa kama punje za mchele. Diep alitafuta soksi za buluu, akajicheka. Alikuwa amesahau jinsi ilivyo kukaa karibu na mtu na kutohitaji kusema.

"Jumapili una wageni," Thac akasema mwishowe.

"Ninao."

"Basi, nimefurahi tumesafishana mioyo. Sitakuuliza kitu, Diep. Ana nyumba, ana duka. Mimi bado nina pikipiki ya taa moja. Sitaki nikuharibie."

Diep akamgeukia kwa ghafla hata mzee aliyekuwa akipiga picha akasogea.

"Tena? Unataka kunifanyia tena?"

"Kukufanyia nini?"

"Kuniamulia! Siku ile uliniamulia kwa wema wako, ukafunga kitambaa, na wema wako ukanila miaka. Leo unanifungia kingine. Nani kakwambia nataka ghorofa nne? Niulize! Nikikataa, nikatae mwenyewe kwa mdomo wangu. Lakini niulize, Thac. Wewe. Si shangazi."

Watu walikuwa wamewazunguka, vijana wa chungwa miongoni mwao, na Yen amemkamata mkono kijana wa stoo kama aliye sinemani. Thac aliwaona. Akafuta viganja kwenye suruali yake ya kwenda hekaluni.

"Diep. Utaolewa na mimi?"

"Subiri," Diep akasema.

Akatoa simu, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Umechagua nguo?"

"Mama, watu wa Jumapili waambie wasije."

Kelele iliyotoka kwenye ile simu iliwafanya ndege wa mlimani waruke. Diep aliiweka mbali na sikio, akangoja ipungue.

"Kuna nani hapo? Kuna mtu! Nasikia mtu!"

"Ni Thac, mama."

Huko Nam Dinh pakawa kimya. Diep hakuwahi kusikia mama yake akinyamaza kwenye simu.

"Yule aliyefiwa na mama?"

"Ndiye."

"Matanga yameisha?"

"Wiki hii."

"Mpe simu."

Thac aliipokea kwa mikono miwili, akasimama wima kama yuko mbele ya hakimu. Alikuwa ameshajipangia majibu: kazi, mshahara, chumba, pikipiki. "Shikamoo, mama," akasema.

"We kijana," ikasema sauti, kali bado, lakini imeshuka, "umekula?"

Tangu mama yake aanguke kando ya lile birika, hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hivyo. Fundi yule aliyepanda ngazi zote zile bila kuhema akakaa chini juu ya jiwe, simu sikioni, machozi yakimshuka hadi kwenye kola ya shati jeupe, na Diep akapiga magoti kando yake na kumshika shingo.

"Bado, mama," akasema hatimaye.

"Na huyo mwenzio?"

"Naye bado."

"Sasa mnafanya nini juu ya mlima na njaa? Shukeni. Huko wana ukoko wa wali na mbuzi, mle mshibe, halafu panda gari umlete nyumbani. Nakuwekea sahani."