Wavu Miguuni mwa Muzee Rachidi

Asumini aliisugua ile alama mara tatu, akidhani ni rangi ya soksi. Kila alasiri alimtawadhisha baba yake, maana mikono ya Muzee Rachidi ilitetemeka hata birika lilimshinda. Siku hiyo maji yalipopita miguuni, ilionekana mistari ya zambarau iliyokutana jicho kwa jicho kama wavu, kutoka vifundoni hadi magotini.

"Usisugue, mama," muzee alinong'ona. "Haitatoka. Minajua ule wavu. Ni wa Vitshumbi."

Ndipo akamwambia alichoficha maisha yake yote. Enzi zake akivua ziwani kule Vitshumbi, aliokota wavu usio na mwenyewe, umelowa ingawa jua lilikuwa limekausha kila kitu ufukoni. Akauchukua. Tangu hapo kitu kilimwita kwa jina kutoka majini, naye akahamia Goma kukikimbia.

Asumini hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alikwenda kwa jirani yao wa mtaa wa Murara, Apolline, ambaye ni muuguzi.

"Ni ile dawa yake mupya ya mutetemeko," Apolline alisema. "Inafanyaka vile ku ngozi ya batu bamoja. Haiumize. Lakini usiikate, dada, unasikia? Atakauka kama ubao."

Alisikia. Ila alasiri iliyofuata alisikia na kingine: kitu kizito, kilicholowa, kikiburutwa polepole juu ya mawe meusi ya uani, kikaizunguka nyumba yao ya mbao, kikasimama kwenye dirisha la muzee, na chumba kizima kikanuka samaki mbichi ilhali hawakuwa wamepika samaki wiki nzima, na baba yake akalia kama mtoto mdogo, akimsihi aziondoe zile dawa, kwa kuwa kila akimeza, wavu unamkaza. Hofu ikamshinda Asumini. Akazificha nyuma ya gunia la makaa.

Baada ya wiki tatu wavu ulififia, kisha ukatoweka kabisa. Lakini muzee alilala shingo ngumu, macho wazi, uji ukimchuruzika pembeni mwa mdomo. Asumini akamwita Maalim Yusufu. Maalim alisoma kwa muda mrefu, akamnyunyizia maji, kisha akainuka amekasirika.

"Kitu kilikuwa hapa, kimetoka," alisema. "Lakini haiko jini ndiyo imemukausha huyu. Nani alimukatia dawa?"

Asumini aliona aibu hata akakosa pa kutazama. Akamwita Apolline, akagombezwa vya kutosha, na dawa zikarudishwa kidogo kidogo. Ijumaa ya pili muzee aliomba chai. Mwezi ulipoisha alifika mlangoni kwa miguu yake. Mistari ya zambarau ilirudi, na Asumini aliibusu kwa furaha.

Kisha alasiri moja alimmiminia maji, akakuta miguu haina mstari hata mmoja.

"Iko?" muzee aliuliza, amefumba macho.

"Haiko, papa. Imeisha."

Muzee alicheka. Asumini akatoka uani kutawadha yeye. Akavua kandambili, akapandisha kitenge, akamimina. Mistari ya zambarau ilikuwa imekutana jicho kwa jicho hadi magotini mwake, naye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha ile dawa. Nyuma yake, juu ya mawe, kitu kilicholowa kilianza kuburutwa.

"Asumini!" muzee aliita kutoka ndani, kwa sauti yake ya zamani. "Uniletee dawa yangu. Siiogope tena."

Alikishusha kitenge mpaka chini.

"Minaleta, papa."