Jiwe la Mwarandu

Mawe yalikuwa arobaini na moja, na walioshuka tanurini asubuhi ile walikuwa watu arobaini.

Kache aliyahesabu tena kwa ncha ya mwiko. Alikuwa akiuza uji na mihogo pale njia ya tanuri ilipoanzia, nyuma ya Mtopanga, na kwa kuwa alishinda hapo kutwa, kazi ya kuyaangalia mawe ikawa yake. Njia yenyewe ilikatwa na kampuni ya chokaa kabla ya vita. Ilipita ukingoni mwa machimbo ya matumbawe, ikateremka hadi matanuri yaliyokuwa kando ya mkono wa bahari. Wazungu waliipimia upana. Hatari yake waliipima vibarua. Kila aliyeshuka aliacha jiwe lake chini ya mkwaju, na aliyepanda alilichukua. Jioni jiwe likibaki, kuna mtu chini. Hapo Kache hupiga kelele, watu wakarudi kumtafuta.

Katekista aliuita mtindo huo ushenzi. Yeye, hata hivyo, alipita barabara ya gari.

Jiwe lililozidi lilikuwa jeusi, bapa, lenye tundu katikati. Kache aliligeuza kwa mwiko. Jiwe hilo alilitupa yeye, kwa mkono wake, wiki sita zilizopita.

Lilikuwa la mzee Mwarandu, ambaye kila asubuhi alisimama mbele ya sufuria na hakuondoka mpaka apewe shikamoo yake. Jioni moja ya mvua jiwe lake lilibaki peke yake. Mara mbili kabla ya hapo mzee alikuwa amepandia upande wa wagema, akanywa tembo, akalisahau, na wanaume waliorudi chini bure walimtukana Kache hadi mamake kaburini. Basi mara ya tatu akalirusha machimboni, akaenda zake. Asubuhi tanuri kubwa, ambamo vibarua walizoea kujikinga mvua, likawashwa. Alipoulizwa alisema, "Alilichukua. Nilimwona kwa macho yangu haya." Ikasemwa kwamba mzee amekwenda kwao Kaloleni bila kuaga. Hakuna aliyekwenda Kaloleni kuuliza. Tanuri lilipofunguliwa, kila kibarua alipewa pakacha la chokaa. Kache akapaka chumba chao, kikawa cheupe kama yai.

Alilitupa jiwe tena. Kesho yake lilikuwa mahali pake, lina joto kama kiazi kilichotolewa jivuni.

Siku ya tatu, mchana, watu wote wakiwa chini, aliona nyayo. Zilikuwa nyeupe za chokaa, za mtu asiye na viatu, vidole vimetawanyika kama vya mzee. Zilikuwa zinapanda. Zinazoshuka hazikuwapo. Zilikomea mbele ya sufuria yake.

Asubuhi ya nne alimshika mumewe mkono njiani. Kazungu ndiye aliyepanga magogo na mawe ndani ya tanuri.

"Baba Nyevu, leo usishuke."

"Nisishuke, tule nini, mchanga?"

"Njia ina kitu."

"Ina nyapara. Kibaya kuliko hicho sijakiona." Akacheka, akaweka jiwe lake, lile lenye kombe lililogandamana nalo, akashuka akipiga mluzi.

Saa sita jua lilisimama utosini na kunguru wakanyamaza wote kwa pamoja. Kache aliinama kupuliza moto, na alipokuwa ameinama akasikia harufu ya chokaa iliyomwagiwa maji, kali, ya kuchoma pua, na nyuma yake mtu akakohoa kikohozi kikavu cha mwenye vumbi kifuani, na alipogeuka hapakuwa na mtu, ila jiwe la Kazungu halikuwapo, na mahali pake palepale limekaa jiwe jeusi lenye tundu.

Alielewa mara moja. Jiwe likiondoka, mtu amepanda. Mtu aliyepanda hatafutwi.

Huko chini kikagongwa kipande cha reli: mlio wa kwanza, watu watoke tanurini. Wa pili, moto.

Alikimbia. Alikimbia njia aliyoiangalia miaka mitano bila kuishuka, machimbo yakimwaka weupe kushoto na kulia, kanga ikimvuka, na nyuma yake nyayo nyingine zikimfuata bila haraka, taa, taa, taa, zikiwa karibu vilevile kila alipozidisha mbio, na sauti ikimwambia sikioni kwa upole wa mtu mzima, "Kache, mwanangu, shikamoo yangu iko wapi?" na yeye hakugeuka, hakuitika, aliuma ulimi mpaka akaonja damu, mpaka akayaona matanuri na Phineas nyapara amesimama na kijinga cha moto mkononi.

"Kazungu yuko wapi?"

"Alipanda," alisema Phineas, kwa Kiswahili chake cha bara. "Mzee moja amekuja kuniambia jiwe ya Kazungu ilichukuliwa."

"Mzee gani?"

Phineas akatazama huku na huku. Mzee hakumwona.

"Kizime! Yumo ndani!"

"Wewe mama, si ni wewe unachunga mawe? Jiwe ikienda, mtu ameenda."

Kache aliwatazama wanaume wote. Miongoni mwao alikuwa Lewa, mpwa wa Mwarandu, ameegemea sepetu.

"Nilisema uongo," alisema. "Mwarandu hakupanda. Jiwe lake nililitupa mimi, nikawaambia nimemwona. Alikuwa humu. Tulimchoma."

Lewa akaweka sepetu chini, akaparamia tanuri.

Walimtoa Kazungu katikati ya magogo, amezimia, uso mweupe pe. Alipozinduka alisema, "Mzee alinyoosha mkono. Kasema nimvute."

Jioni hiyohiyo Lewa alimleta mganga, Ruwa, mtu mfupi asiyependa maneno. Alilifunga lile jiwe kwa kitambaa cheusi, akashuka nalo hadi tanurini, akapanda nalo polepole, akisema kila hatua, "Twende kwetu, mzee. Twende kwetu." Watu walifuata nyuma, mmoja mmoja. Chini ya mkwaju alisimama, akalipima jiwe kiganjani, akakunja uso.

"Amepanda," alisema. "Lakini si yeye wote. Mmemgawana."

Hawakumwelewa. Kache peke yake ndiye aliyekumbuka mapakacha ya chokaa ya tanuri lile.

Alifika nyumbani jua likizama. Kazungu alikuwa kitandani, amelala, amegeukia ukuta. Ukuta ulikuwa unatoka jasho, matone meupe yakiteremka taratibu, na chumba kilinuka chokaa iliyomwagiwa maji. Kache alisimama mlangoni. Akapiga goti moja, kama alivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, mzee," alinong'ona.

Ukuta ukafanya tsss, kama unaovuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu."