Kidole Kwenye Mti Mwekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kezia alimpelekea mama yake uji kwenye zahanati ya Kitahana. Ulikuwa mwaka 1974. Miaka miwili nyuma baba yake aliuawa huko Burundi, naye na mama yake wakavuka mpaka kwa miguu kuingia Tanzania. Sasa mama alikuwa mgonjwa, hakuweza hata kuketi.

Mlangoni mwa wodi ilitundikwa picha ambayo muuguzi, Sista Mwajabu, alitumiwa na mwalimu wake wa Ulaya. Ilichorwa kwa chaki laini za rangi: mto wa kijivu, kilima chenye ukungu, na miti yenye majani mekundu na ya manjano. Kwa kuwa mama hakuweza kuinuka, Kezia alimsimulia kila siku kitu kimoja alichokiona.

"Leo nimeona njia, mama. Inaingia mitini, mwisho wake hauonekani."

Mama alifumba macho, akatabasamu kidogo.

Siku moja Kezia alitaka kujua kama wekundu ule ulikuwa moto. Akaugusa mti mkubwa. Rangi ikaganda kidoleni, na mti ukabaki na mchirizi mrefu. Akajipangusa kwenye gauni, akatoka mbio.

Kesho yake alisikia kwamba Mzee Bazilio, mfagiaji, amefukuzwa kazi kwa kuharibu picha. Kezia akanyamaza. Siku mbili hakusimulia chochote.

"Picha imeondolewa?" mama aliuliza kwa taabu.

Kezia akaangua kilio, akasema yote.

"Kamwambie Sista. Nenda sasa hivi, ningali nakusikia."

Sista Mwajabu alimsikiliza, akajishika kichwa. "Na mimi sikumwuliza hata kidogo yule mzee!" Akaagiza aitwe, akamwomba radhi mbele ya wagonjwa wote na kumrudisha kazini. Kisha akaishusha picha, akaishika mbele ya mama.

"Miti hii inaungua, Sista?" Kezia aliuliza.

"Hapana. Huko Ulaya kuna majira ambayo majani hubadilika rangi, halafu hupukutika."

Mama aliitazama muda mrefu. "Mizuri," alinong'ona.

Siku ya nne baada ya hapo, mama alifariki.

Baada ya mazishi, Mzee Bazilio alikaa kando ya Kezia.

"Siku mbili watu waliniita mharibifu, hata wajukuu zangu walisikia. Ukweli wako ulichelewa, mwanangu, lakini ulifika. Ukikosea tena, sema siku hiyo hiyo, usimwache mwingine abebe kosa lako. Haya, inuka. Mke wangu anatungoja nyumbani."