Saa Iliyosema Kiswahili

Saa ya Naftali ilisema Kiswahili. Saa sita mchana, kwenye saa za watu wote mshale mfupi hukaa kwenye kumi na mbili. Kwenye yake ulikaa kwenye sita. Akiirekebisha, kesho yake imerudi kulekule.

Alipewa na Bi Hajira, mjane wa Singida mjini, mteja wake wa mafuta ya alizeti. Saa ya dhahabu, nyembamba, mkanda wa ngozi, ya zamani ile ya kutia ufunguo. Naftali, mzee wa kanisa mzima, akaikodolea macho.

"Chukua," alisema Bi Hajira. "Ila mkeo asiivae. Marehemu alinikataza hata kwa utani."

Tangu hapo, kijijini kwao Issuna, Naftali alikunja mkono wa kushoto tu wa shati. Hata Biblia aliishika kwa mkono huo, waumini waione. Mungu amsamehe.

"Mama Isaka," alimwuliza mkewe, Dina, "nani anaichezea saa yangu?"

"Mimi hata kuisoma sijui, naenda na jua. Wewe niambie, huo udi mkononi ni wa mwanamke gani?"

Naftali akanusa. Kweli, udi. Akaivua saa, akaifungia kabatini, wakabaki kuviziana.

Jioni moja, jua likizama, alifika mlangoni akasikia ndi, ndi, ndi, ya saa ambayo hakuitia ufunguo tangu Jumapili, akaifuata sebuleni, akaifuata ukumbini, ikizidi kupiga kama moyo wa mtu anayekimbizwa, mpaka chumbani, akamkuta Dina ameketi gizani, saa ameivaa mkononi, anatabasamu.

"Nimeijaribu tu, Baba Isaka," alinong'ona. "Nilitaka kujua huyo mwanamke ana nini."

Mchungaji Gasto aliitwa. Wakaomba, wakaiponda kwa nyundo. Ndani hamkuwa na kitu. Hata kigurudumu kimoja.

"Imekwisha," alisema Mchungaji, lakini kwa sauti ya chini.

Asubuhi moja Naftali na Dina walikuwa uani wakipiga alizeti. Binti wa jirani, Magdalena, akapita mbio.

"Shikamoo, Mama Isaka! Saa ngapi saa hizi? Nisichelewe kwaya."

"Marahaba. Saa nne kasoro dakika saba," alijibu Dina, bila kuinua macho kutazama jua.

Magdalena akachungulia simu yake, akacheka. "Hee! Umepatia kabisa!"

Naftali akashusha fimbo. Upepo ulivuma kutoka kwa mkewe, nao ulinukia udi.