Chungu na Kifuniko

Kila jioni baada ya masomo, Chiriku alipitia dukani kwa babu yake, fundi cherehani, kumsaidia kazi. Aliokota pini sakafuni kwa sumaku, akafagia vipande vya nguo na kupanga nyuzi kwa rangi zake. Jina la Chiriku alipewa na babu huyohuyo, kwa sababu tangu ajue kusema, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Akitumwa chumvi, hurudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima, nyingine za kweli, nyingine amezitia chumvi hiyohiyo njiani.

Muhula ule darasa lao lilipewa kazi isiyo ya kawaida. Karibu na soko palikuwa na mnara mdogo wa mawe wenye majina ya watu wa mji huo waliouawa kwa mabomu wakati wa vita, zamani, babu yake Chiriku akiwa bado mtoto. Hawakuwa askari. Walikuwa wachuuzi, wapishi, mafundi, akina mama na watoto wao. Mwalimu wa historia, bwana mrefu ambaye wanafunzi walimwita Mlingoti akiwapa mgongo, alimpa kila mmoja jina moja.

"Majina tunayo," alisema. "Maisha yao ndiyo hatuna. Nendeni mkayatafute nyumba kwa nyumba. Na ukikosa, andika kwamba umekosa."

Chiriku alipata jina la mwanamke. Chini yake palichongwa maneno machache tu: mwalimu wa darasa la kwanza. Alimuuliza jirani mmoja aliyekuwa akifua nguo, jirani akatikisa kichwa, na utafiti wa Chiriku ukaishia hapo. Babu hakumuuliza. Siku za mabomu zikitajwa, Babu alikuwa na tabia ya kutafuta mkasi wake, hata kama mkasi wenyewe ameushika mkononi.

Basi akakaa nyumbani, akatunga. Kalamu ilishika kasi utadhani inaamriwa na mtu mwingine. Yule mwalimu wa mnarani akapata nywele za kufika kiunoni na sauti ya kinanda. Akafa amewakumbatia wanafunzi wake, akiwaimbia. Chiriku mwenyewe alitokwa na machozi kidogo alipokuwa akisoma alichoandika. Mlingoti aliposoma alimsifu mbele ya darasa zima na kumteua asome kwenye mkutano wa familia za marehemu.

Siku chache kabla ya mkutano, Mlingoti alimwita ofisini. Uso wake uling'aa.

"Nina habari njema. Mdogo wake yule mwalimu wako yu hai. Ni bibi mzima sasa. Dada yake alipouawa, yeye alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Hakumbuki sura yake wala sauti yake, na hana hata picha. Nilipomwambia kuna mwanafunzi aliyempata dada yake, alinishika mikono yote miwili akalia. Atakaa mbele kabisa."

"Sawa, mwalimu," Chiriku alijibu kwa sauti ya mbu.

Alitoka nje ya ofisi. Aliona wazi alichofanya. Bibi wa watu alikuwa amemsubiri dada yake maisha yake yote, na sasa angepewa mtu wa kubuni, ampende, na arudi naye nyumbani. Chiriku aliona aibu iliyomchoma mpaka masikioni.

Jioni hiyo alizunguka mtaa kweli. Alibisha hodi nyumba hii na ile, akataja jina lililo kwenye mnara. Wazee walimsikiliza kwa upole, wakajaribu kukumbuka, wakashindwa. Hakuna aliyelijua jina hilo. Alifika dukani kwa Babu amechoka, akaanza kuokota pini bila kusema neno. Babu alimtazama mara mbili kuhakikisha ni yeye.

Mara akaingia rafiki wa Babu tangu utotoni, fundi mstaafu wa kupaka rangi, aliyetaka kushonewa suruali.

"Shikamoo, babu," Chiriku alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mbona redio imezimwa?"

Babu alimzungushia futi kiunoni. "Tumbo limekua, bwana."

"Hili ni tumbo la heshima. Pima, usinihutubie."

Babu aliandika kipimo kwa chaki juu ya meza: tisini na nane. Mpaka rangi alichungulia, akacheka. "Kumbe bado unapika tu?"

"Chungu kwanza," Babu akasema.

"Kifuniko baadaye!" wakamalizia pamoja, kwa sauti ya kuvuta kama watoto wa darasa la kwanza, wakagongeana viganja.

Chiriku alikuwa ameusikia utani huo mara nyingi na hakuwahi kuujali. Ni mambo ya wazee. Safari hii, kwa kuwa hakuwa na la kusema, aliitazama meza. Ile nane haikuandikwa kwa mstari mmoja unaojipinda. Ilikuwa duara kubwa, na juu yake duara dogo limeketi.

"Babu, nani aliwafundisha kuandika nane hivyo?"

Babu akaanza kutafuta mkasi.

"Mwambie mtoto," mpaka rangi alisema taratibu. "Tukishaondoka sisi, atamuuliza nani?"

Babu aliketi. Aliifuta meza polepole, akiizunguka ile nane.

"Mwalimu wetu wa kwanza," alisema hatimaye. "Mwembamba, mfupi. Tulipofika nane, darasa zima tulishindwa. Wengine walilia. Akasema, mnalilia nini? Hiki ni chungu. Pikeni, kisha mfunike. Tukacheka, tukapika vyungu siku nzima."

"Aliitwa nani?"

"Nani alijua? Kwetu sisi Mwalimu alikuwa Mwalimu."

Chiriku alilitaja lile jina la kwenye mnara, na maneno yaliyochongwa chini yake. Wazee wakatazamana.

"Mwalimu aliyeuawa na mabomu ni huyo mmoja tu," mpaka rangi alisema. "Alikuwa kwenye foleni ya maji na ndoo yake. Tulikuwa tumefika nane. Tisa tulifundishwa na mtu mwingine, shule ilipofunguliwa tena. Ndiyo maana tisa yangu na ya babu yako hazifanani hata kidogo, lakini nane zetu ni pacha."

Mpaka rangi akanyoosha kidole mlangoni.

"Namba za nyumba za mtaa huu nilizipaka mimi zote. Nenda katazame."

Akatoka. Kwenye mlango wa nane, chungu na kifuniko. Kwenye kumi na nane, vilevile. Alivuka barabara, akaona ishirini na nane, na mwisho wa mtaa lango la themanini. Alikuwa amepita mbele ya milango hiyo tangu anajifunza kutembea. Mwanamke ambaye mji mzima ulikuwa umesahau jina lake alikuwa ameacha mkono wake kila mahali, na watu waliupita asubuhi na jioni bila kujua. Chiriku alisimama katikati ya njia, akaanza kuzihesabu nane zote kwa kidole.

Kesho yake alimwendea Mlingoti na kukiri yote. Mwalimu hakumfokea.

"Ukinidanganya mimi, nitauliza, nitakukamata," Mlingoti alisema. "Lakini marehemu hawezi kusimama akasema, 'Hapana, sikuwa hivyo.' Umemzulia mtu asiyeweza kujitetea. Utasimama mkutanoni, useme ulivyofanya, kisha useme ulichokipata."

Siku ya mkutano ukumbi wa shule ulijaa. Bibi alikaa mbele, mikono ameikunja mapajani. Chiriku alimwamkia, akajikaza, akasema mbele ya wote kwamba aliandika uongo na kwamba anaomba radhi. Minong'ono ilipita ukumbini. Bibi aliinamisha uso, na Chiriku akadhani amemvunja moyo kabisa.

"Bibi, nilichokipata kweli ni kidogo sana," alisema. Akaeleza habari za watoto waliolia, za chungu na kifuniko, na za foleni ya maji. Hakutaja nywele, kwa kuwa hakuna aliyezikumbuka. Kisha akawaomba wazee waliosoma kwake waje ubaoni waandike nane. Alitangulia Babu, akafuata mpaka rangi, kisha wazee wengine kutoka pembe zote za ukumbi, mmoja akiegemea mkongojo. Kila mmoja aliandika duara kubwa, akaweka dogo juu yake.

Bibi alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwita. Alisogea hadi ubaoni akaomba chaki, na mkono wake, bila kusita, ukaandika chungu, ukakifunika.

Wazee walisogea kuitazama.

"Mimi sikusoma kwake," alisema, akiutazama mkono wake. "Nilikuwa mdogo mno. Mama yetu hakujua kuandika. Nilipoanza shule walimu walinichapa kwa sababu ya nane hii, mkono ukakataa kubadilika. Sikuwahi kujua nilifundishwa na nani."

"Ni yeye," Babu alisema. "Hakuna mwingine aliyefundisha hivyo. Alikufundisha nyumbani."

Bibi alikishika kiganja chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeshikwa mkono na mwingine, akalia bila kujificha. Watu wengi walilia pamoja naye. Alipotulia alimgeukia Chiriku.

"Kumbe alinishika mkono huu, na nimekaa naye siku zote hizi! Ungenisomea ule uongo wako, mjukuu wangu, ningekupigia makofi, nikarudi nyumbani na dada wa mtu mwingine. Ukweli ni mzito kuutafuta, na wakati mwingine unapata kidogo tu. Lakini hicho kidogo ndicho changu. Usimpe mtu kingi ambacho si chake."

Kisha alimketisha kando yake na kumwomba aeleze tena habari za siku ile ya vyungu, tangu mwanzo, asiruke kitu. Chiriku akaeleza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza hata neno moja.