Walimfunika Mwanangu kwa Bango la Vijana

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mjane, mkaazi wa Msambweni. Nauza viazi vya karai na bajia kando ya barabara kuu. Mwenyezi Mungu alinijaalia mtoto mmoja tu, binti yangu Riziki, na ni kwa ajili yake ninayaandika haya...

Hasira nilikuwa nayo, ikaniishia. Machozi nayo yalikauka. Kilichobaki ni kinyaa. Naam, kinyaa! Kile mtu anachokihisi akiuma embe akakuta funza ndani, na kipande ameshakimeza.

Wasomaji wenzangu, huenda mmewahi kukiona kikundi chetu. Vijana wenye bereti nyekundu na glavu nyeupe, wakipiga gwaride siku za sherehe mpaka wachuuzi wa Kombani wanaacha bidhaa zao na kuja kutazama. Hao walikuwa wetu. Shirika lililowalea tulilianzisha watu watatu. Jina lake silitaji, maana likinijia mdomoni nataka kutapika.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Salim. Ujanani aliwahi kuvaa sare, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina, alikuwa Kamanda. Katibu alikuwa Mishi, shoga yangu wa tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukigawana juzuu moja kwa sababu yangu ilichanika. Mume wangu alipofariki, ni Mishi aliyekuwa akija kulala kwangu eda nzima ili nisiwe peke yangu. Mimi nilikuwa mlezi wa wasichana.

Nia yetu ilikuwa njema, msinicheke. Vijana walikuwa wakizurura ufuoni Diani wakiwaandama watalii, wengine wakishinda vibarazani na miraa. Tukasema gwaride litawapa kazi ya mikono na miguu. Na kweli liliwapa! Wazazi walitushukuru msikitini na kanisani. Riziki wangu alijiunga akiwa bado mdogo, na alipofika kidato cha nne ndiye aliyekuwa kiongozi wa safu na mshika bendera. Mtoto alikuwa akitembea, wallahi, utadhani chini pamechorwa mstari anaouona yeye tu.

Lakini gwaride lina sheria yake, na hapo ndipo mkasa wangu ulipo. Ukishaambiwa mguu sawa, hujikuni, hutazami pembeni, hutoki mstarini mpaka usikie amri ya tawanyika. Mwenzako akizirai, humtazami. Macho mbele. Kuna watu wa kumshughulikia, hiyo si kazi yako. Sheria hiyo niliwafundisha wasichana wangu mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki hiki, tena kwa kujidai.

Basi ukaja mwezi wa Ramadhani, na pamoja nao wakaja wafadhili. Kamanda alitwambia wageni wako hotelini Diani na wanataka kuliona gwaride. Nilimwambia mkutanoni kwamba watoto wengi wamefunga, jua la mwezi ule si la mchezo, heri tungoje Idi. Akasema watoto watasimama robo saa tu, kisha waende zao kupumzika. Mishi akaniunga mkono kwa maneno, na mkutano ulipokwisha nikamkuta akimpigia simu fundi wa kuchapa bango jipya la kuwakaribisha wageni. Sikulitilia maanani... Ningejuaje?

Siku yenyewe, safu zilipangwa uwanjani saa tatu asubuhi. Sisi viongozi tulisimama mbele ya hema, tumevaa mikanda ya rangi begani, tukingoja. Tukangoja. Simu zikapigwa. Mara wageni wamo njiani. Mara bado wanakunywa chai. Mara, jamani, wanaogelea! Nilimwomba Kamanda awape watoto amri ya tawanyika, wakae kivulini kidogo. Akaninong'oneza kwamba gwaride likivunjwa haliundiki tena, na kwamba sote tumefunga, hakuna aliyekufa.

Sote tumefunga! Muda si mrefu nilizunguka nyuma ya gari la vipaza sauti kutafuta kivuli cha kuweka mkoba wangu. Nikamkuta Kamanda mwenyewe amechuchumaa, soda baridi mdomoni, chupa inatoka jasho. Aliniangalia. Akapangusa mdomo kwa mkanda wake wa begani, akarudi mbele kuwatazama watoto waliofunga wanavyoungua.

Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa magari ya wageni yalipoingia. Muziki ukapigwa. Na hapo hapo, mbele ya macho yangu, bendera ikayumba.

Sikumsikia Riziki akipiga kelele. Aliinama kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, kisha akaenda chini. Bereti yake ikabingirika mpaka miguuni mwa mwenzake. Na yule mwenzake... macho mbele. Safu nzima, macho mbele! Tuliwafundisha vizuri, sivyo?

Nilitaka kukimbia. Kabla sijanyanyua mguu, mkono ukanishika kifundo cha mkono, ukanibana. Ulikuwa mkono wa Mishi. Alikuwa akitabasamu kwa wageni huku akisema nami bila kugeuza uso.

"Usitoke, shoga. Wageni wanashuka garini. Kuna watu wa kumtoa."

Nikasimama. Nasema kweli, nikasimama! Mimi mama yake, niliyemzaa kwa kupasuliwa, nilisimama mguu sawa na mkanda wangu begani kwa sababu nilishazoea kuwa mstarini hakutoki mtu. Ni muda gani? Sijui. Niliwaona wanaume wawili wakimburuta kwapani hadi nyuma ya gari. Wimbo wa kuwakaribisha wageni ukaimbwa, nami midomo yangu ikawa inacheza pamoja na wengine.

Wimbo ulipokwisha niliuvuta mkono wangu kwa nguvu, nikakimbia. Nilimkuta mwanangu chini ya bango la zamani la shirika, wamemfunika hata uso, ili mgeni akipita kwenda hemani asione. Juu ya bango yameandikwa maneno mawili makubwa: VIJANA KWANZA. Chini ya turubai lile la plastiki, kwenye jua lile, mtoto alikuwa anatokota. Nilipolifunua, mvuke ulinipiga usoni. Ngozi yake ilikuwa kavu, moto, na macho yamegeuka.

Dereva wa tuktuk aliyekuwa amekuja kutazama gwaride ndiye aliyenisaidia kumbeba. Nyuma yetu nilimsikia Kamanda katika kipaza sauti akiwaeleza wageni jinsi shirika linavyowapenda watoto kama wanawe.

Riziki hakufa. Alhamdulillahi. Lakini daktari alinieleza kwa upole kwamba joto lilikuwa limepanda hadi likadhuru ubongo, pale hasa panapomfanya mtu asimame wima na kusema sawasawa. Alilala siku nyingi bila kunijua. Alipoamka, ulimi ulikuwa mzito na miguu ikienda ovyo. Mtoto wangu aliyetembea kama kamba iliyovutwa, leo anatoka chumbani hadi mlangoni akiwa ameshika ukuta.

Mnadhani walikuja kumtazama? Mishi alileta futari mara moja, akaiacha kwa jirani.

Kisha wateja wangu wakaanza kupungua. Wanawake niliowauzia viazi kwa miaka wakawa wanavuka barabara. Walimu wa chuo ambako Riziki alikuwa akiwasomesha watoto wadogo alifu na bee, wakatuma ujumbe kwamba apumzike "mpaka mambo yatulie". Mambo gani? Jirani yangu Bi Mwanakombo ndiye aliyenihurumia. Alisema wazazi walikuwa wamekasirika, wakaitisha kikao ili wawatoe watoto wao kwenye shirika. Ndipo viongozi wakawatuliza. Wakawaambia Riziki hakuangushwa na jua. Alikuwa na mimba, akameza vidonge vya kuitoa, na vile vidonge ndivyo vilivyomwangusha.

Nikauliza ni nani aliyetamka. Bi Mwanakombo akatazama chini. Akasema ni katibu.

Nilikwenda kwa Mishi mchana kweupe, nikabisha hodi kama desturi. Nilimkuta anakuna nazi. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyembeba Riziki akamtoa nje siku ya arobaini ya kuzaliwa kwake. Nikamuuliza ni kweli alisema vile. Hakukana hata! Aliendelea kukuna.

"Wazazi walikuwa wanawatoa watoto, shoga," akasema. "Ilibidi wapewe sababu. Riziki yeye ameshaumia. Neno moja halimzidishii kitu."

Nilitoka nikatapika mlangoni pake, na sikujali nani ananiona.

Nikaenda kwa chifu. Akanisikiliza vyema, akasema nilete mashahidi waliomwona mtoto akianguka, waliomwona akiburutwa na kufunikwa. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuwauliza wale vijana. Wote, mmoja mmoja, wakasema hawakuona. Walikuwa mguu sawa. Walitazama mbele. Nilirudi nyumbani nikajifungia chooni nikalia, kwa sababu nani aliwafundisha wasitazame? Si mimi?

Miezi ikapita. Baada ya Idi ya Mfunguo Tatu, asubuhi moja, nikasikia hodi. Walikuwa wao! Kamanda, Mishi, mpiga picha mmoja kijana kutoka Ukunda, na kiti cha magurudumu kimefungwa utepe mwekundu. Nyuma yao, kikundi kizima, bereti kichwani, kikapangwa safu uani kwangu. Kamanda akanieleza, tena bila haya, kwamba wafadhili wamependa kusikia shirika linasaidia pia vijana wenye ulemavu. Picha chache tu, basi. Mishi hakuniangalia. Alikuwa akipigilia bango ukutani, nyuma ya mahali walipotaka mwanangu akae.

Lilikuwa bango lile lile. Pembeni bado lina alama ya mchanga wa uwanjani.

Kwa nini sikuwafukuza? Niligeuka kuufunga mlango, nikachelewa. Riziki alikuwa ameshatoka nje kwa kusikia watu, akishika ukuta. Wakamkalisha. Mpiga picha akainama mbele yake.

"Siz, smile kidogo tu, tumalize haraka," akamwambia.

Kamanda akawaamuru vijana mguu sawa, ili watokee nyuma wakiwa wima. Riziki akageuza shingo polepole, akalitazama lile bango. Akawatazama wenzake, safu yake aliyoiongoza. Akashika mikono ya kile kiti, akajiinua. Aliyumba. Nilitaka kwenda kumshika, akanizuia kwa kiganja.

"Gwaride," akasema, na kila neno lilimtoka kwa tabu. "Tawanyika."

Mwili ukishafundishwa haumuulizi mtu. Walikuwa wameizoea sauti ile, hata ilivyoharibika. Wakageuka kulia, wakapiga mguu chini, na mstari ukavunjika. Kamanda alifoka wakae mahali pao. Lakini walikuwa wameshaachiliwa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, wakamtazama. Wakamtazama mwenzao usoni.

Msichana mmoja, Mejumaa, aliyekuwa akisimama kulia kwake siku zote, akavua bereti. Alikuwa analia. Akaja mbele yangu akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Mimi nilimwona. Alipoanguka alikuita wewe."

Alikuita wewe... Wasomaji, hebu niambieni, mtu hulipokea vipi neno kama hilo? Nilikuwa hatua chache tu mbele ya hema, nikitikisa midomo kwa wimbo wa wageni.

Mmoja mmoja wakazivua bereti, wakaziweka kwenye kile kiti cha magurudumu mpaka kikajaa. Walisema kila walichokiona: gari, mikono iliyomburuta, bango, hata soda ya Kamanda, vyote kwa pembe ya jicho. Jioni ile ile wakawaeleza wazazi wao, na kesho yake wakafuatana nami kwa chifu. Uongo wa mimba ukafa. Chuo kikatuma watu kuomba radhi, na Riziki sasa huwasomesha watoto wadogo barazani kwetu, taratibu, nao humsubiri amalize neno.

Shirika lilivunjika. Kesi iko mahakamani, bado tunaingoja. Kila tukienda huahirishwa. Kamanda, nasikia, yuko upande wa Lungalunga anaanzisha kikundi kingine, na bereti safari hii ni za kijani. Mishi hunisalimia tukikutana sokoni. Assalaam alaykum, kama kwamba hakuna lililotokea! Namjibu salamu, kwa kuwa ni wajibu wa dini, kisha natafuta mahali pa kutema mate.

Wazazi wenzangu, sisemi msiwape watoto wenu nidhamu. Lakini ukimpeleka mtoto kwa viongozi, nenda ukawatazame viongozi hao siku mgeni wao anapochelewa. Tazama nani yuko juani na nani yuko hemani. Na wewe uliye kiongozi, uliyevaa mkanda begani kama mimi, sikia ombi la mwanamke aliyeingia katika njia hiyo akiwa na nia njema kabisa. Usiwafundishe watoto wa watu kutotazama.

Na siku mtoto atakapoanguka, awe wako au wa mwenzio, toka mstarini. Atakayekushika mkono, mng'ate. Mimi nilisimama, na mwanangu alikuwa ananiita.