Miaka Saba ya "Tutafunga Tu"

Asubuhi ile ya Jumamosi, Filbert alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chao cha kupanga, Makambako, akimsikiliza binti yake Rejoice akisoma daftari la shule. Ndani, Zita alikuwa akimvalisha sweta mtoto mdogo. Chai ilichemka. Nani angesema nyumba ile imepungukiwa?

Ilipungukiwa, ndugu zangu. Filbert na Zita walianza kuishi pamoja kimyakimya, kama wengi wetu mitaani humu. Filbert hakuwahi kujitambulisha kwa wazazi wa Zita kule Mawengi, na kanisani hawakufika. Zita alipogusia ndoa, Filbert, mnunuzi wa viazi, alijibu, "Tutafunga tu. Ngoja msimu uishe." Misimu saba ikaisha.

Asubuhi hiyo Zita alitoka akiwa amejishika tumbo, akaanguka kizingitini.

Hospitalini daktari alisema apasuliwe mara moja. Muuguzi akamuuliza Filbert, "Ndugu zake wana habari?" Filbert hakuwa na namba ya mkwe hata mmoja. Ilibidi aitafute kwenye simu ya Zita. Akampigia Aloyce, kaka yake Zita.

"Shemeji, Zita anaumwa sana."

"Shemeji wa nani?" Aloyce aliuliza taratibu. "Dada yangu akifa huko, utamleta kwetu ukiwa nani?"

Swali hilo lilimrudia Filbert saa zote nne alizosubiri nje ya chumba cha upasuaji. Kila mlango ulipofunguliwa, alisimama.

Zita alipona. Siku ya kuruhusiwa, Aloyce na mama yake walifika, wakamchukua pamoja na watoto.

"Wanangu wana shule," Filbert alisema.

"Hata Mawengi kuna shule," alijibu mama mkwe, bila kumtazama.

Filbert akamgeukia Zita. Zita akasema, "Nataka kwenda kwa mama."

Wiki mbili simu ya Zita haikupatikana. Filbert hakulala wala hakula vizuri. Mwishowe alimwomba baba yake mdogo, Enoki, awe mshenga, wakaenda Mawengi. Baba yake Zita aliwakaribisha kwa heshima, akawasikiliza, kisha akamwita binti yake ajibu mwenyewe.

"Baba Rejoice," Zita alisema, "umenihangaikia, nashukuru. Lakini pale kitandani niliwaza wanangu watabaki wakiitwa wa nani. Nilikuomba miaka saba. Leo umekuja kwa kuwa umeogopa."

"Nimekuja kwa kuwa nakupenda."

"Labda. Sijui tena. Rudi kwanza. Nikiwa na jibu, nitakutumia."

Msimu wa viazi umeanza tena. Simu ikilia sokoni, Filbert huacha mzani na magunia, akatazama ni nani anayepiga. Jibu halijafika.

FUNZO

Tunasema harusi ni ghali, ujana wetu umetutoa makwetu mapema, na mjini hakuna anayetuuliza. Yote ni kweli. Lakini ndoa si ukumbi wala keki. Ni kusimama mbele za watu na kusema, "Huyu ni wangu, nami ni wake." Anayekaa na mwenzake bila kulisema neno hilo humwachia mwenzake mashaka. Kalisemeni mapema, wakati bado mnasubiriwa.